Maswali ya wasomaji: Je, nafasi imeshonwa kwa mfungamano wa kikwanta?

Barua nyingi za safari hii zimegusa jambo moja: dai kwamba graviti, pamoja na nafasi na wakati wenyewe, si vitu vya msingi bali hutokana na mfungamano wa chembe katika fizikia ya kwanta, yaani hali ya chembe kushiriki hali moja ya pamoja hata zikiwa mbalimbali. Tumechagua maswali yanayoweza kujibiwa kwa hesabu, kwa sababu jambo hili likisemwa kwa maneno matupu hugeuka ushairi, na msomaji hubaki pale pale alipokuwa.

Kila ninaposoma naambiwa "nafasi imeshonwa kwa mfungamano". Je, mfungamano unapimika kama tunavyopima mita na kilo, au ni lugha ya mafumbo? (Mwalimu wa sekondari)

Unapimika, Mwalimu, na hapo ndipo pa kuanzia.

Chukua chembe mbili, A na B, kila moja ikiwa na hali mbili tu: 0 na 1. Tuseme jozi hiyo iko katika mchanganyiko wa "zote 0" na "zote 1". Ukiipima A peke yake, bila habari yoyote ya B, utapata 0 kwa uwezekano p na 1 kwa uwezekano 1−p. Kipimo cha mfungamano wao, kinachoitwa entropia ya mfungamano, ni

S = −p ln p − (1−p) ln(1−p)

ambapo ln ni logi asilia. Weka p = 1: unapata 0, yaani hakuna mfungamano kabisa. Weka p = 0.9: sehemu ya kwanza ni 0.095, ya pili 0.230, jumla 0.325. Weka p = 0.5: unapata 0.693, yaani ln 2, na hicho ndicho kiwango cha juu kabisa kwa jozi ya namna hii.

Sasa tazama kitu cha ajabu kilichojificha katika mfano wa mwisho. Entropia ya A ni 0.693 na ya B vilevile, lakini ya jozi nzima ni 0. Maana yake unajua yote yanayoweza kujulikana kuhusu jozi, na wakati huohuo hujui lolote kuhusu kila chembe peke yake. Anayekijua kitabu kizima kwa moyo ni lazima ajue kila ukurasa wake. Katika kwanta si lazima.

Na si mchezo wa karatasi. John Bell alionyesha mwaka 1964 kwamba vitu vya kawaida, vyenye majibu yaliyoandaliwa kabla ya kupimwa, haviwezi kuvuka kikomo fulani cha kukubaliana kwao. Katika jaribio linalotumika zaidi kikomo hicho ni 2, ilhali chembe zilizofungamana zinaweza kufika 2.83. Majaribio ya Alain Aspect ya mwaka 1982 yalivuka kikomo hicho, na mwaka 2022 yeye, John Clauser na Anton Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Jambo moja zaidi, ambalo ndilo mlango wa mada yetu. Mfungamano hauko katika maabara tu. Ombwe lenyewe, nafasi isiyo na chembe hata moja, limejaa mfungamano kati ya kila sehemu na jirani yake. Mark Srednicki alipiga hesabu mwaka 1993: chora tufe la kufikirika ndani ya ombwe, uliza ndani yake pamefungamana na nje kwa kiasi gani. Jibu linakua kwa eneo la ngozi ya tufe, si kwa ujazo wake. Shika neno hilo "eneo", litarudi.

Kama chembe mbili zimefungamana, kwa nini tusitume ujumbe kwa kasi kuliko mwanga?

Haiwezekani. Lolote utakalomfanyia A, uwezekano wa matokeo ya B ukiangaliwa upande wa B pekee haubadiliki hata chembe. Mapatano yao yanaonekana baada ya kukutanisha daftari mbili za matokeo, na daftari husafiri kwa njia za kawaida. Kosa la wengi ni kudhani kwamba kupima A ni "kubonyeza" B.

Eneo linaingiaje kwenye hesabu za graviti? Na kwa nini iwe eneo, wakati vitu huhifadhiwa katika ujazo?

Lilianza na mashimo meusi. Jacob Bekenstein alipendekeza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwamba shimo jeusi lina entropia (hapa, kiasi cha habari iliyofichika) inayolingana na eneo la upeo wake, yaani mpaka ambao kikishauvuka kitu hakirudi. Stephen Hawking akaikamilisha namba mwaka 1974: entropia ni eneo gawanya kwa 4, eneo likipimwa kwa urefu wa Planck (mita 1.6 × 10⁻³⁵) uliozidishwa kwa wenyewe.

Tupige hesabu ya kweli. Jua likisongwa hadi liwe shimo jeusi, nusu kipenyo chake kitakuwa kilomita 3 hivi, na upeo utakuwa na eneo la kilomita za mraba 109. Gawanya kwa mita za mraba 1.04 × 10⁻⁶⁹ (miraba minne ya Planck) nawe utapata takriban 10⁷⁷. Jua kama lilivyo sasa, pamoja na moto wake wote, lina entropia ya kiasi cha 10⁵⁸. Kwa hiyo shimo jeusi ndicho chombo chenye entropia kubwa kuliko vyote vinavyoweza kutoshea mahali hapo, na hesabu yake imeandikwa juu, kwenye ngozi, si tumboni.

Hatua ya pili ilikuja mwaka 1997. Juan Maldacena alitoa hoja kwamba aina fulani ya ulimwengu wenye graviti, uliopinda kwa namna ya tandiko la farasi na wenye mpaka kwa mbali, ni kitu kilekile kimoja na nadharia ya kwanta isiyo na graviti inayokaa mpakani. Fikiria kopo: yote yanayotokea ndani yanaweza kusomwa ukutani, na ukuta una kipimo kimoja pungufu. Ulimwengu huo huitwa anti-de Sitter, kwa jina la mwanafalaki wa Uholanzi.

Kisha mwaka 2006 Shinsei Ryu na Tadashi Takayanagi wakaandika kanuni ambayo, kwa maoni yetu, ndiyo moyo wa mada nzima. Chagua kipande cha mpaka, kiite A. Ndani ya ulimwengu, tafuta utando mdogo kuliko wote unaoning'inia kwenye kingo za A. Eneo la utando huo, ukiligawanya kwa 4G, ndilo entropia ya mfungamano kati ya A na sehemu iliyobaki ya mpaka. G ni ileile namba ya graviti ya Newton.

Tuikague katika mfano mdogo kabisa, ambapo mpaka ni mstari. Tutumie vipimo ambavyo kasi ya mwanga na namba ya Planck vyote ni 1. Kipande A kina urefu ℓ, na "utando" unakuwa uzi mmoja unaoinama ndani na kurudi. Urefu wa uzi huo ni 2L ln(ℓ/ε), ambapo L ni kipimo cha kupinda kwa ulimwengu na ε ni kipimo kidogo kabisa tunachokubali kukitazama. Gawanya kwa 4G: unapata (L/2G) ln(ℓ/ε).

Sasa nenda upande wa pili, mpakani, kusikokuwa na graviti wala kupinda. Huko wanafizikia walishajua tangu miaka ya 1990 kwamba entropia ya mfungamano ni (c/3) ln(ℓ/ε), ambapo c ni namba inayohesabu ni aina ngapi za mitikisiko zilizopo kwenye nadharia. Majibu mawili yanalingana ikiwa c = 3L/2G. Na hiyo ndiyo thamani ambayo J. David Brown na Marc Henneaux waliipata mwaka 1986, kwa njia nyingine kabisa, miaka 11 kabla ya Maldacena. Hakuna aliyeisukuma namba hiyo ikae pale. Ukiizidisha ℓ mara mbili, pande zote mbili huongezeka kwa (c/3) × 0.693, bila tofauti.

Wanaojaribu hesabu hii mara ya kwanza hukwama mahali palepale. Kwanza, wanaisahau ε na kupata jibu lisilo na kikomo. Hilo si kosa la kanuni, kwani ombwe lina mfungamano mwingi usio na mwisho kadiri unavyotazama karibu na kingo. Pili, penye shimo jeusi ndani huwa kuna nyuzi mbili zinazogombea, mmoja ukipita upande huu na mwingine upande ule, na ni lazima ulinganishe urefu ndipo uchague. Tatu, kanuni hii ni makadirio ya kwanza: vitu vilivyomo ndani vina mfungamano wao pia, nao hujumlishwa juu ya eneo, marekebisho yaliyowekwa wazi mwaka 2013.

Nimeelewa kwamba eneo ni mfungamano. Lakini mkiukata mfungamano, nafasi inafanya nini? Inachanika?

Inachanika, na hesabu inaonyesha inavyochanika. Hoja ni ya Mark Van Raamsdonk, katika insha fupi aliyoiandika mwaka 2010.

Gawa mpaka vipande viwili, kushoto na kulia, kisha punguza mfungamano baina yao polepole. Kwa kanuni ya hapo juu, utando unaotenganisha pande mbili za ndani lazima upungue eneo: shingo inazidi kuwa nyembamba. Na umbali je? Kiasi cha habari wanachoshiriki pande mbili, tukiite I, huweka dari juu ya uhusiano wowote kati ya kipimo cha kushoto na cha kulia. Mraba wa uhusiano hauwezi kuzidi kiasi cha 2I. Lakini ndani ya ulimwengu, uhusiano kati ya nukta mbili hufifia kwa umbali kama e⁻ᵐᵈ, ambapo d ni umbali na m ni tungamo la chembe inayobeba uhusiano huo. Ziweke pamoja: I ikipungua mara 100, kiwango cha chini cha umbali kinapanda kwa ln 100 gawanya kwa 2m, yaani 2.3/m. Ikipungua mara 100 tena, kinapanda 2.3/m nyingine. I ikikaribia sifuri, umbali hauna mwisho.

Basi picha ni kama ulimbo unaovutwa kwa mikono miwili: katikati panakonda, ncha zinaachana, kisha unakatika. Mwishoni una vipande viwili vya nafasi visivyo na njia yoyote kati yao, ingawa kila kimoja ni kizima ndani yake. Tuwe waangalifu na neno moja: hapa hakuna mtu anayekata nafasi kwa wembe. Tunalinganisha hali tofauti za nadharia ileile, zenye mfungamano mwingi na mchache.

Hayo ni umbali na maumbo. Graviti yenyewe, ile inayoangusha vitu, iko wapi?

Iko katika swali hili: mfungamano ukibadilika kidogo, eneo libadilike vipi?

Ted Jacobson alifungua njia mwaka 1995. Kila mwenye kuongeza mwendo huona ombwe likiwa na joto. Ni joto dogo mno, kiasi cha kelvini 4 × 10⁻²⁰ kwa mchapuko wa mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, lakini si sifuri. Jacobson akachukua kanuni ya kawaida ya joto, kwamba nishati inayopita ni halijoto mara badiliko la entropia, akadai itimie kwenye kila upeo mdogo unaoonwa na mtu wa namna hiyo, entropia ikilingana na eneo. Kilichotoka ni mlinganyo wa Einstein wa mwaka 1915, mzima. Yaani ule mlinganyo unaweza kusomwa kama tunavyosoma mlinganyo wa gesi: ni tabia ya jumla ya vitu vidogo vingi ambavyo hatuvioni.

Mwaka 2013 jambo hilohilo lilifanywa kwa mfungamano wenyewe. Kwa duara lolote mpakani, badiliko dogo la entropia ya mfungamano ni sawa na badiliko la nishati iliyomo, ikipewa uzito mkubwa katikati na sifuri kwenye kingo. Hii ni sheria ya kwanta tupu. Haina graviti ndani yake. Tafsiri upande wa kushoto kuwa eneo kwa kanuni ya Ryu na Takayanagi, dai iwe kweli kwa kila duara, kubwa na dogo, popote lilipo, nawe utalazimika kukubali mlinganyo wa Einstein kwa graviti dhaifu. Kwa graviti kali hesabu inapanda hatua kwa hatua, na kila hatua ni ngumu kuliko iliyotangulia.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nina kompyuta ya kawaida. Kuna sehemu yoyote ya haya ninayoweza kuihesabu mwenyewe?

Marahaba. Ipo, na tunakuhimiza uifanye wiki hii. Utaipata ile logi, (c/3) ln ℓ, kwa mikono yako.

Tumia mnyororo wa spini 12 (sumaku ndogo za kikwanta, kila moja ikiwa na hali mbili, juu na chini) uliofungwa duara, kwa modeli ya Ising yenye uga wa kukingama: H = −Σ ZᵢZᵢ₊₁ − g Σ Xᵢ, na g = 1. H ni nishati, Z na X ni matriksi za Pauli za kila spini, na g ni nguvu ya uga. Hapo ndipo mnyororo unapokuwa kwenye ncha ya kubadilika hali, na c yake inajulikana kuwa 1/2.

Spini 12 zina hali 2¹², yaani 4096. Matriksi kamili ya H, kwa baiti 8 kila namba, inakula megabaiti 134, na kompyuta yoyote ya leo inaimudu. Spini 14 zitataka gigabaiti zaidi ya 2, kwa hiyo ukitaka kupanda juu tumia matriksi inayohifadhi namba zisizo sifuri tu, pamoja na mbinu ya Lanczos inayotafuta hali ya chini bila kutatua zote. Tafuta hali yenye nishati ndogo kuliko zote. Kabla ya kwenda mbele, kagua: nishati hiyo iwe −2/sin(π/24), yaani −15.3226. Kama umepata namba nyingine, usiendelee. Mara nyingi tatizo ni kwamba umesahau kiungo cha spini ya 12 kurudi kwenye ya 1.

Sasa una vekta ya namba 4096. Ili kupima mfungamano wa spini ℓ za mwanzo na zilizobaki, ipange upya vekta iwe matriksi yenye safu 2^ℓ na nguzo 2^(12−ℓ). Ichanganue kwa thamani pekee (programu za hesabu huita SVD). Miraba ya thamani hizo ndiyo uwezekano p₁, p₂, na kadhalika. Jumla yake iwe 1. Entropia ni −Σ p ln p. Tupa kila p iliyo chini ya 10⁻¹⁴, kwani kompyuta ikikutana na sifuri mara logi ya sifuri hutoa jibu lisilo namba na jumla yote inaharibika.

Fanya hivyo kwa ℓ = 1 hadi 6. Chora S dhidi ya ln[(12/π) sin(πℓ/12)]. Hiyo sini ipo kwa sababu mnyororo wako ni duara fupi, si mstari usio na mwisho. Unatarajia mstari ulionyooka wenye mwinamo wa 1/6, ambao ni c/3. Kati ya ℓ = 3 na ℓ = 6, S ipande kwa karibu 0.058.

Haya ndiyo yanayoharibika. Ukipata mwinamo wa 0.24, umetumia logi ya 2 kwenye entropia. Ukipata nusu ya 1/6, mnyororo wako uko wazi na una kingo moja tu ya kukata. Ukipata namba zinazorukaruka, mpangilio wa spini katika vekta haulingani na ulivyoigawa; jaribu kwanza jozi ile ya swali la Mwalimu, yenye p = 0.5, na usisogee mpaka upate 0.693. Kisha badilisha g. Kwa g = 3 mfungamano ni mdogo na haukui ukiongeza ℓ. Kwa g = 0.2 utaona S karibu 0.693 kila mahali, nayo si kosa: mnyororo mfupi unakuwa mchanganyiko wa "zote juu" na "zote chini".

Tunakuomba usije ukasema umejenga ulimwengu. Rudi kwenye c = 3L/2G: ili nafasi iwe laini na kubwa, L lazima iizidi G mara nyingi sana, kwa hiyo c lazima iwe kubwa mno. Ya kwako ni nusu. Umeona mfungamano ukikua kama urefu wa uzi katika nafasi iliyopinda, na hilo ni la kweli, lakini hakuna nafasi yenye kukalika nyuma yake.

Nilisoma mwaka 2022 kwamba wanasayansi walitengeneza handaki la nafasi-wakati ndani ya kompyuta. Ni kweli?

Hawakutengeneza handaki la kupita. Asili ya habari ni hii: mwaka 1935 Einstein na Nathan Rosen waliandika kuhusu daraja, ndilo handaki hilo, linalounganisha sehemu mbili za nafasi, na mwaka huohuo Einstein, Rosen na Boris Podolsky waliandika kuhusu mfungamano. Mwaka 2013 Maldacena na Leonard Susskind walipendekeza kwamba mambo hayo mawili ni kitu kimoja: mashimo meusi mawili yaliyofungamana yana daraja kati yao. Baadaye ilionekana kwamba daraja hilo, ukiunganisha kingo zake kwa namna maalumu, linaweza kupitisha habari, bila kushinda mwanga.

Jaribio la 2022 lilifanywa kwenye kompyuta ya kwanta ya Sycamore, kwa kubiti 9 (vizio vya habari vya kikwanta) na milango 164 (hatua za hesabu) ya kubiti mbilimbili. Kilichoendeshwa ni modeli iliyopunguzwa mno, hadi vipengele 5 tu, ili mashine iimudu. Habari iliingia upande mmoja na kutoka wa pili kwa tabia iliyofanana na ya handaki. Mwaka 2023 wanafizikia wengine walionyesha kwamba vipengele hivyo 5 havipingani hata kidogo, yaani ukibadilisha mpangilio wa kuvitumia jibu ni lilelile, jambo linaloifanya modeli iwe nyepesi kuliko mfumo wowote wenye graviti ya kweli, na kwamba ule mfanano haudumu ukibadilisha kinachopimwa. Sisi tunaona ukosoaji huo una nguvu. Hatua ilikuwa nzuri ya ufundi wa kompyuta. Vichwa vya habari vilikwenda mbele ya ushahidi.

Ulimwengu wetu si wa tandiko la farasi. Basi haya yote yana faida gani, na kuna jaribio lolote la kuyapima?

Ni kweli. Tangu mwaka 1998 tunajua kwamba kutanuka kwa ulimwengu kunaongeza kasi, na ulimwengu wa namna hiyo hauna ule mpaka wa mbali ambao kanuni zote za hapo juu zinauegemea. Mahali pa kutundika utando pamekosekana. Njia ya Jacobson haihitaji mpaka, ndiyo maana wengi wanairudia, lakini nayo inachukua uhusiano wa eneo na entropia kama zawadi bila kueleza umetoka wapi. Hilo ndilo tundu kubwa zaidi katika mada hii.

Kuhusu jaribio, lipo lililopendekezwa mwaka 2017 na makundi mawili, moja likiwa la Sougato Bose na wenzake, jingine la Chiara Marletto na Vlatko Vedral. Halipimi kama nafasi inatokana na mfungamano. Linauliza jambo la chini zaidi: je, graviti inaweza kuzaa mfungamano? Kama haiwezi, jengo zima linatikisika.

Chukua punje mbili za almasi, kila moja kilo 10⁻¹⁴, yaani kipenyo cha takriban mikromita 2. Kila punje iwekwe katika hali ya kuwa mahali pawili kwa pamoja, mikromita 250 mbalimbali, kwa kutumia spini ya kasoro iliyomo ndani ya almasi na uga wa sumaku. Ziache zidondoke sambamba kwa sekunde 2.5, ncha zao za karibu zikiwa mikromita 200. Awamu (kiasi ambacho wimbi la punje linasogezwa) inayotokana na graviti ni Gm²t/ħd, ambapo m ni tungamo la punje, t ni muda, d ni umbali, na ħ ni namba ya Planck iliyogawanywa kwa 2π. Weka namba: 6.67 × 10⁻¹¹ mara 10⁻²⁸ mara 2.5, gawanya kwa 1.05 × 10⁻³⁴ mara 2 × 10⁻⁴. Jibu ni radiani 0.8 hivi, kiasi kinachoonekana vizuri ukizipima spini mwishoni. Ncha za mbali zinapata awamu ndogo zaidi, na tofauti hiyo ndiyo inayofunganisha.

Ugumu uko kwenye kuzinyamazisha nguvu nyingine. Elektroni moja tu ya ziada kwenye kila punje, na nguvu ya umeme inaizidi graviti mara bilioni 35. Punje zikisogeleana sana, nguvu ya Casimir, ile inayovuta vitu visivyo na chaji vilivyo karibukaribu, inaipiku graviti. Ndiyo sababu ya kubaki kwenye mikromita 200. Molekuli moja ya hewa ikigonga punje ndani ya hizo sekunde 2.5 inatosha kufichua iko wapi, na mchanganyiko unavunjika. Kwa hiyo linahitajika ombwe kali, baridi kali, na punje zilizoondolewa chaji moja moja.

Umbali wa kwenda unaonekana kwa namba mbili. Mwaka 2019, Vienna, molekuli zenye zaidi ya vizio vya atomu 25,000 ziliwekwa mahali pawili kwa pamoja. Hiyo ni kilo 4 × 10⁻²³, pungufu mara milioni 240 ya punje inayotakiwa. Na mwaka 2021, Vienna vilevile, mvuto wa gololi ya dhahabu ya miligramu 90 ulipimwa, nayo ni nzito kuliko punje hiyo mara bilioni 9. Jaribio linasubiri katikati ya namba hizo mbili: kikubwa kinachoonyesha kwanta kipandishwe, kidogo kinachoonyesha graviti kishushwe, mpaka vikutane kwenye punje moja.